Kumbe Nilipanga kwa Marehemu!

Msomaji wangu, umewahi kurudi nyumbani saa moja na nusu usiku, mkononi una mfuko wa nyanya na dagaa, umechoka ile mbaya, unaingiza ufunguo kwenye kufuli, ufunguo unagoma? Unajaribu tena. Unaulaani ufunguo. Halafu unawasha tochi ya simu ndipo unagundua kuwa mwenye makosa siyo ufunguo. Kufuli si lako! Lako liko chini, limekatwa kwa msumeno, limelala pembeni ya ndala za jirani.

Hayo yalinikuta mimi mwenyewe ninayewaandikia, hapa hapa Morogoro, mji kasoro bahari, katika mtaa mmoja wa Mwembesongo. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: NYUMBA HII NI YA UKOO. WAPANGAJI WOTE MHAME. Chini yake sahihi tatu, na sikuitambua hata moja.

Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita, elfu sitini kwa mwezi, jumla laki tatu na sitini. Dalali naye alichukua ya kwake ya mwezi mmoja, kama kawaida yao. Nilikuwa nimekaa miezi miwili tu. Hesabu haihitaji kalamu: laki mbili na arobaini zangu zilikuwa zimefungiwa mle ndani pamoja na godoro, jiko la gesi na suti yangu moja ya kuhudhuria harusi za watu.

Nikampigia kaka mwenye nyumba, yule aliyepokea mshiko wangu huku akiniita "mdogo wangu" kila baada ya sentensi. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Usiku ule nililala sebuleni kwa mshikaji wangu wa Mafiga, miguu ikiwa chini ya meza ya televisheni.

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema jambo hilo ni la familia, yeye haliingilii. Nikaenda polisi. Afande wa zamu alinisikiliza vizuri, hata pole akanipa, kisha akasema: "Hiyo ni madai, kijana. Siyo jinai. Nenda mabarazani." Mabarazani wapi? Hakufafanua, na nyuma yangu kulikuwa na mtu aliyeibiwa pikipiki, anahema.

Aliyeniokoa ni mama mmoja jirani, muuza maandazi. "Mwanangu," akaniambia, "acha kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nenda kwa yule dada wakili, pale juu ya duka la vitambaa. Mimi aliniokolea kiwanja changu."

MARA YA KWANZA KUMUONA WAKILI

Nikiri kitu hapa. Mimi wakili nilimjua wa kwenye sinema tu. Suti nyeusi, kelele mahakamani, mtuhumiwa analia. Nilidhani ni watu wa kesi za mauaji na za mabilioni. Mtu aliyefungiwa chumba na sebule Mwembesongo anamtafuta wakili wa nini?

Ofisi yenyewe ipo ghorofani, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2021. Msitegemee zulia na kiyoyozi. Ni chumba kimoja chenye pangaboi inayopiga kelele, kabati la bati lililofura mafaili, na benchi la wateja refu kama la zahanati. Siku hiyo tulikuwa sita. Kulikuwa na mzee kutoka Mgeta aliyekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, na kijana wa rika langu aliyenunua kiwanja Kihonda ambacho, kumbe, kimeuzwa kwa watu watatu. Kulikuwa pia na mama mmoja wa Bigwa aliyekaa kimya muda wote, kitenge amekishika mdomoni. Huyo nitarudi kwake.

Dada wakili amekubali niandike habari hii kwa sharti moja tu, jina lake lisitoke. Kanuni zao haziwaruhusu kujitangaza magazetini kama sabuni. Basi tumwite Dada Wakili yakaishe. Sheria alisoma Mzumbe, kilomita chache tu kutoka hapa mjini, akaenda Shule ya Sheria Dar es Salaam, akaapishwa, akarudi nyumbani. Wenzake wengi walibaki Dar kufukuzia kampuni kubwa. Yeye anasema aliona mapema kwamba Morogoro watu hawaishi kugombania vitu viwili, maji na viwanja, na kwa maji hana utaalamu.

Zamu yangu ikafika. Hakuniuliza hata jina.

"Mkataba uko wapi?"

Nikautoa. Ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari la hesabu, lile lenye vijumba vidogo. Tuliuandika kwa mkono juu ya boneti la gari, siku ile naulipia. Akausoma mara mbili. Nikaona aibu kwa niaba ya ile karatasi.

"Huyu aliyesaini ndiye mwenye nyumba?"

"Ni mtoto wa mwenye nyumba. Mzee mwenyewe alishafariki."

"Ana Fomu Namba 4?"

Nikafikiri. "Dada, kwa kweli sijui kama alifika kidato cha nne. Ila anaongea vizuri."

Benchi zima likaangua kicheko! Hata yule mama wa Bigwa alitabasamu. Mimi nikabaki nimetoa macho. Kumbe Fomu Namba 4 haihusiani na shule. Ni ile karatasi ambayo Mahakama ya Mwanzo inampa mtu baada ya kumteua kuwa msimamizi wa mirathi. Ndiyo inayomwambia kila mtu kwamba kuanzia leo, mali za marehemu fulani zinasimamiwa na huyu hapa. Mirathi ikifunguliwa mahakama ya juu zaidi, hati ina sura nyingine, lakini kazi yake ni ile ile.

Bila hiyo karatasi, mtoto wa kwanza si mwenye nyumba. Mjane peke yake si mwenye nyumba. Kaka wa marehemu, shangazi, mpwa, wote hao ni ndugu wa marehemu, basi. Hawezi mmoja wao kuuza, wala kupangisha, wala kukusanya kodi kama mwenye mamlaka.

"Kwa hiyo mimi nilipanga kwa nani?" nikauliza.

"Ulipanga kwa marehemu, mdogo wangu. Na marehemu hapokei simu."

WAPWA WAMESHUKA KUTOKA MLIMANI

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa zile sahihi tatu. Zilikuwa za wapwa wa marehemu, watoto wa dada zake, walioshuka kutoka milimani Uluguru kuja kuchukua wanachokiita chao. Na ninyi mnaoishi mjini mkaona milima ile ni ya kupigia picha tu, ngojeni niwaeleze, maana mimi mwenyewe niliyezaliwa Kilosa sikuyajua haya.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama. Baba anaweza kumpa mwanawe kipande cha shamba alime, lakini baba akifa, kipande kile kinarudi kwa ukoo wa baba, yaani kwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Mtoto wake wa kumzaa atatafuta haki yake kwa wajomba zake, kwa ukoo wa mama yake. Ndiyo utaratibu, na ulikuwapo kabla ya hati na mihuri.

Na ardhi kule juu siyo kitu cha mchezo. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliandamana kupinga mpango wa mkoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani, na ikafika hatua ya risasi na mtu kufa. Watu waliogombana na serikali ya Mwingereza kwa sababu ya matuta watashindwa kukata kufuli la mpangaji?

Lakini je, nyumba ya mjini nayo ni ya ukoo? Hapo ndipo penye kasheshe. Marehemu alikuwa mwajiriwa wa kiwandani, enzi zile Morogoro ilipokuwa mji wa viwanda kweli kweli, viatu na maturubai vikitoka hapa. Alijenga kwa mshahara wake, kiwanja kina ofa ya jina lake. Watoto wanasema baba alijenga yeye, mila ya shamba haigusi nyumba ya mjini. Wapwa wanasema mabati ya kwanza yalinunuliwa na mama yao, dada wa marehemu, kwa hela za kabichi na viazi alivyokuwa akishusha kutoka Mgeta. Sasa amua wewe!

Dada Wakili akanieleza kwamba Tanzania tuna njia tatu za kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia. Kuna mila za kabila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865. Soma tena, India, 1865! Mwingereza aliileta akatuachia. Mwaka huo hata reli ya Mjerumani ilikuwa bado, maana ilifika Morogoro mwaka 1907. Na mpaka leo Mkristo aliyefia hapa mjini mali yake inaweza kugawanywa kwa sheria hiyo.

Ni njia ipi itumike? Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi. Mzee wetu alikuwa Mkatoliki, alifunga ndoa kanisani, lakini kila mwaka alipanda mlimani kwenye matambiko na akazikwa huko huko. Watoto walitaka mirathi ifunguliwe Mahakama ya Wilaya kwa ile sheria ya 1865. Wapwa walitaka Mahakama ya Mwanzo, kwa mila, kwa sababu mahakama hiyo inashughulika na mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Yaani walikuwa hawajaanza kugombania nyumba. Walikuwa wanagombania mlango wa kuingilia mahakamani! Na wakati wanavutana, kila upande ukajifanya mwenye nyumba. Mmoja anapokea kodi, mwingine anakata kufuli.

Mimi katikati, kama karanga kwenye kinu.

MAMA WA BIGWA

Nilisema nitarudi kwa mama wa Bigwa. Tulikutana tena pale kwenye benchi mara mbili, na mara ya tatu akanisimulia mwenyewe.

Mume wake alichukua mkopo wa biashara akaweka nyumba yao dhamana. Yeye hakuambiwa. Alijua siku vijana walipokuja kupaka rangi ukutani alama ya kwamba nyumba inapigwa mnada. Alipokwenda kuuliza akaonyeshwa fomu ya ridhaa ya mke. Ina picha, ina sahihi, kila kitu. Ila picha haikuwa yake! Mume alimpeleka mwanamke mwingine akajifanya mke. Mama wa watu amejenga nyumba ile tofali kwa tofali, anauza mihogo, halafu anaona sura ya mwanamke mwingine kwenye karatasi ya nyumba yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba nyumba wanayoishi mume na mke, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, nayo inataka ridhaa ya mwenzi kwenye rehani. Dada Wakili aliomba zuio na mnada ukasimama wakati kesi inasikilizwa. Haijaisha. Mama yumo ndani ya nyumba yake, analala, ingawa anasema akisikia pikipiki usiku anakaa kitandani.

Nilimuuliza Dada Wakili kama ni kweli mwanamke anayebaki nyumbani hana chake, maana vijiweni tunaambiana hivyo. Akanitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza, nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Cha kushangaza, Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba, kwa sababu mahakama iliona pesa alizokuwa amepewa na mume afanyie biashara alizitapanya, zikahesabiwa kuwa ndiyo fungu lake. Lakini tangu siku hiyo kila mke anayedai mgawo wa mali amepita kwenye mlango aliofungua yeye. Mimi sijui kama alijua.

HAKUNA WIGI HAPA

Kule Uingereza, Dada Wakili anasema, kuna mwanasheria wa kukaa ofisini na kuandika barua, na kuna mwingine wa kuvaa wigi na kusimama mbele ya jaji. Nyumba yako ikiwa na matatizo unaweza kuwahitaji wote wawili. Hapa kwetu wakili wa kujitegemea ni huyo huyo mmoja. Anaandika mkataba, anakuapisha, anagonga mhuri, anasimama barazani, halafu anapanda bodaboda kwenda kuangalia kiwanja.

Na anakwenda kweli. Ana viatu vya mahakamani na viatu vya mlimani, vyote viko chini ya meza. Kesi za ardhi za huko Mgeta na Kinole anapanda mwenyewe kuonana na wazee, kwa sababu mpaka wa shamba mara nyingi ni mti, na mara nyingi mti wenyewe ulishakatwa. Zamani rufaa ya Mahakama Kuu ilimtoa Morogoro alfajiri kwa basi kwenda Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021 tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa hapa mjini na Mahakama Kuu imo humo. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, anasema, mteja alikuwa anakaa kimya saa nzima hukumu ikisomwa kwa Kiingereza, halafu anamgusa bega: "Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?"

Sasa sikilizeni ninyi wapangaji wenzangu, maana hapa ndipo nilipochoka. Zamani mpangaji alikuwa na sheria yake. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba, na kulikuwa na mabaraza ya nyumba ambayo mwenye nyumba hakuweza kukutoa bila kupita kwao. Mwaka 2005 sheria ile ikafutwa. Kuanzia hapo kodi ni mapatano. Mwenye nyumba akisema laki, ni laki. Akisema lipa mwaka mzima, unalipa mwaka mzima au unaendelea kulala chini ya meza ya televisheni.

Nyumba za umma nazo ni hadithi nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 ili mtu wa kipato cha chini apate pa kukaa. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Ndiyo maana wazee wa mjini mpaka leo wanasema fulani anakaa "nyumba ya Msajili". Ukiipata huiachii. Unamrithisha mtoto ufunguo kama shamba! Sisi wa leo tumebaki na madalali.

Lakini Dada Wakili hakubali niseme kwamba mpangaji hana haki. Ile sheria ya 1984 ilikufa, Sheria ya Ardhi haijafa. Kama unalipa kwa mwezi bila muda maalumu, taarifa ya kukutoa haiwezi kuwa pungufu ya mwezi. Hata kama unadaiwa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kujichukulia msumeno, wala kung'oa bati, wala kutoa kitanda chako nje mvua inanyesha. Atoe taarifa, aende kwenye chombo cha sheria, apate amri. Na kama anayekata kufuli hata mwenye nyumba siye, ndiyo kabisa.

"Sasa twende barazani tukawanyooshe!" nikasema. Damu ilikuwa imechemka.

Akanitazama kama mtoto aliyeomba panga. "Laki mbili na arobaini? Ukinilipa mimi nisimame Baraza la Ardhi na Nyumba, utatumia zaidi ya hizo. Na pale huendi moja kwa moja." Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata ndilo linaanza, na kazi yake siku hizi ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Likishindwa linakupa cheti, ama zikipita siku 30 bila usuluhishi, ndipo unapanda wilayani. Na kwenye Baraza la Kata wakili haruhusiwi kusimama. Unakwenda mwenyewe na mdomo wako.

Akaandika barua mbili za madai, moja kwa mtoto wa marehemu na nyingine kwa wale wapwa. Zote fupi, zote kwa Kiswahili ambacho hata dalali angekielewa. Akanitoza elfu hamsini. Nililipa thelathini, ishirini nikaahidi mwisho wa mwezi. Yule mzee wa Mgeta yeye hakulipa kitu. Alipelekwa kwa wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao huduma yao ni bure. Mtu kama huna kitu, anza kwao.

BARAZA LA KATA

Siku ya usuluhishi nilivaa shati la kuazima, kwa sababu mashati yangu yalikuwa ndani ya kufuli. Kaka mwenye nyumba alifika, hanitazami usoni. Wapwa walikuja watatu, na nyuma yao mama mtu mzima amejifunga khanga mbili, anatembea kwa fimbo. Ndiye dada wa marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyefungiwa?"

"Ndiyo mama."

"Pole. Hatukuwa na ugomvi na wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alipopewa nafasi hakusema sheria wala nini. Alieleza jinsi kaka yake alivyoshuka mlimani na shati moja, jinsi alivyokuwa akimletea unga kwa miguu, na jinsi alivyobebesha punda mabati yale. Akasema kaka yake hajafikisha mwaka kaburini, tayari chumba alichokuwa akilala yeye akishuka mjini kimepangishwa. Chumba chenyewe, msomaji, kilikuwa changu.

Mtoto wa marehemu naye akasimama. Akasema yeye ndiye aliyemuuguza baba miaka miwili, dawa alinunua yeye, na hao wapwa aliwaona msibani. Sauti ikamkatika akakaa. Hela yangu ilikwenda wapi? Deni la hospitali. Alileta na risiti.

Wajumbe hawakumpa nyumba mtu yeyote, na wasingeweza. Walisema kila upande utoe kufuli lake, mirathi ifunguliwe mahakamani, na mpaka msimamizi apatikane asiingizwe mpangaji mpya. Mimi nikapewa kuchagua, kukaa miezi yangu minne iliyobaki au kurudishiwa hela. Nikatazama zile pande mbili zilivyokaa, nikachagua hela. Mtoto wa marehemu akakubali kulipa elfu sitini kila mwezi kwa miezi minne, tukaandikiana, tukasaini, safari hii kwenye karatasi nzima. Mizigo nilitoa jioni ile ile. Dagaa wangu wa siku ile ya kwanza nilikuwa nao mkononi, kwa hiyo hakuna kilichooza isipokuwa mchicha.

Sasa ninakaa Kihonda. Kabla ya kulipa nilimwomba mama mwenye nyumba anionyeshe hati. Akakunja uso: "Wewe ni afisa ardhi?" Nikamwambia hapana mama, ni mwoga tu. Akacheka akaileta, jina lake na la kwenye kitambulisho moja. Mkataba una kurasa nne, umelipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu Dada Wakili alinionya kwamba karatasi isiyolipiwa stempu inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ilipiwe na faini juu. Tumeandika mpaka habari ya LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, mpangaji ukinunua umeme unamlipia mwenye nyumba kodi yake, na wengi wala hawajui. Sisi tumekubaliana inatolewa kwenye pango.

Kaka yule amenilipa miezi mitatu, wa nne nausubiri. Ile ishirini ya Dada Wakili nimemlipa, alikuwa ameshaisahau, au alijifanya. Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, watoto wakaweka pingamizi, shauri linaendelea. Wiki iliyopita daladala ilipita mtaa ule nikachungulia. Mpapai wa uani umeanguka kwenye uzio. Mlango wa chumba changu una kufuli mbili, moja ya watoto, moja ya wapwa.